Kufuli la Sebule

Kitu cha kwanza alichokiona Eufrazia asubuhi ile ni kwamba kufuli halipo.

Lilikuwa kufuli dogo la kijani, halizidi punje ya hiliki, na siku zote lilikaa kwenye simu yake kando ya jina la chumba cha ukoo. Chumba kiliitwa Wa Mzee Alois. Kampuni yenye mtandao huo iliitwa Sebule, na makundi yaliyokuwa ndani yake yaliitwa vyumba. Ukifungua chumba cha watu wako, unagusa kufuli, linajifunga, kisha simu inakuandikia kwa Kiswahili safi: Yaliyo ndani ni ya mliomo ndani. Eufrazia aliishia darasa la tano na husoma kwa kufuata kidole, lakini maneno hayo aliyasoma yote, akayaelewa, akayaamini.

Alikuwa kwenye meza yake ya viungo pale sokoni Mafiga, akifunga pilipili manga kwenye vipakiti. Akamwinulia simu Baraka, fundi simu wa kibanda cha jirani.

"Kaka Baraka, hapa palikuwa na kufuli."

Baraka akatupa jicho. "Wamebadilisha sura tu, dada'angu. Hawa kila wiki wanapaka rangi mpya. Simu yako nzima."

Alitaka kumwambia kwamba rangi ni kitu kimoja na kufuli ni kingine. Hakusema. Maneno ya Eufrazia yalikuwa na tabia ya kufika kooni, kuchungulia nje, na kurudi yalikotoka. Akarudi kwenye pilipili zake.

Ndani ya chumba kile mlikuwa na video moja ya msiba. Majuma mawili kabla, walikuwa wamemzika Mzee Alois kule Kinole, milimani. Mjane wake, Anastasia, ni mama mkubwa wa Eufrazia, lakini ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, kwa hiyo alimwita mama, basi. Baada ya mazishi Anastasia alikaa kwenye mkeka, hali wala hasemi. Waliimba, waliomba, walimbembeleza kwa chai, akawa kama gogo. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba huyu naye anamfuata mwenzake.

Ndipo akaingia Stambuli, mtani wa ukoo.

Kwao mtani ana kazi yake msibani. Wengine wakilia, yeye anachokoza, mpaka wafiwa wakumbuke kwamba bado wana meno. Stambuli alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, akajilaza kizingitini mwa mlango asipite mtu, akapaza sauti:

"Anastasia! Umemla mume wako, mchawi wewe! Ulimpika kwa nazi au kwa karanga?"

Na mfiwa akichokozwa na mtani hajibu kwa machozi. Anajibu kwa lile lile, la sivyo amemvunjia heshima mtani na marehemu pia. Anastasia akainua kichwa, taratibu, kama mtu anayetoka kisimani.

"Nimemla ndiyo! Na wewe Stambuli ndiye wa kesho! Ila ulivyokonda, itabidi nikuchanganye na mihogo!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Anastasia mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka akaomba uji.

Eufrazia aliirekodi kwa ajili ya Jesca. Jesca, binti wa Anastasia, yuko Omani kwa kazi za ndani, na mwajiri wake alimkatalia ruhusa ya kuja kumzika baba yake. Kila alipopiga simu alikuwa analia: mama amekula? Mama amesema neno? Basi Eufrazia akaiweka video chumbani, kufuli likiwa limefungwa, na Jesca akawatumia sauti yake akilia na kucheka kwa pamoja. "Asante mdogo wangu. Leo nitalala." Kwa hilo moja Eufrazia alijiona ametoa mchango wake msibani.

Siku iliyofuata baada ya kufuli kupotea, Mwajuma, muuza maharage wa meza ya pili, alikuja na simu mkononi, macho yamemtoka.

"We Eufra! Njoo uone mambo ya milimani kwenu. Jimama limekiri kumla mume wake, tena halina hata aibu!"

Eufrazia aliisikia sauti kabla hajaiona sura. Nimemla ndiyo! Na wewe Stambuli ndiye wa kesho! Hapo ikakatwa. Koti la marehemu halikuonekana. Mihogo haikusikika, wala kicheko, wala uji. Juu ya uso wa mama yake palikuwa na maandishi makubwa mekundu ambayo hakuna mtu wa ukoo aliyeyaandika: MJANE WA ULUGURU AKIRI. Ilipokwisha likaja tangazo la sabuni ya unga, mwanamke anafua huku anaimba. Kisha Anastasia akarudi tena: nimemla ndiyo.

"Umeona?" Mwajuma akauliza. "Mbona unatetemeka?"

Ni mama yangu huyo, alitaka kusema. Ni utani. Wamekata kicheko, wameweka sabuni. Akasema, "Baridi tu, dada Mwajuma," na jua lilikuwa linachoma mabati.

Alibonyeza pale palipoandikwa Toa malalamiko. Alibonyeza mwenyewe, akamwambia Jesca naye abonyeze, akamwomba Baraka abonyeze. Jibu lilikuja upesi kuliko mtu anavyoweza kusoma: Tumepitia malalamiko yako. Maudhui haya hayakiuki taratibu za jamii yetu. Eufrazia akalifuata kwa kidole mara mbili. Jamii yetu. Jamii gani hiyo iliyokaa mkekani na mama yake?

"Ni soko huria hili, dada," Baraka alisema, akikuna kichwa kwa aibu ya kufuli alilolipuuza. "Siku hizi kila kitu bidhaa. Hata msiba una bei."

Muuzaji ni nani basi, Eufrazia akajiuliza, na mbona sisi hatukuitwa wakati wa kupatana? Hilo nalo likachungulia, likarudi.

Kule Kinole mambo yalianza polepole. Wachuuzi waliopanda kutoka Dar na Kihonda kununua ndizi na mdalasini walimruka Anastasia, wakanunua kwa jirani. Hao ni wageni, Anastasia alijisemea, hawajui. Lakini hata waliokuwepo msibani, waliocheka kwa vinywa vyao, walianza kuyumba. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisa alimwambia usoni: "Nilikuwepo, Ana, nilisikia ni utani. Lakini nikiisikia kwenye simu naona kama ulimaanisha." Kitu kikirudiwa sana, mtu huliacha sikio lake mwenyewe akaliamini la simu.

Halafu Stambuli akaanguka na pikipiki kwenye utelezi, akavunjika mguu. Basi ikawa imekwisha. Si alisema ndiye wa kesho?

Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Anastasia ikafika, ikarukwa. Watu walipita mlangoni kwake na rozari zao mikononi wakaenda nyumba iliyofuata, wakiimba. Kisha mawe yakaanza juu ya bati. Kisha akaamka akakuta migomba yake yote imekatwa, imelala chini na mikungu michanga. Siku hiyo akateremka Mafiga na kikapu kimoja, akaketi kwenye kitanda cha Eufrazia, akasema, "Mwanangu, wamenitoa kwangu kwa maneno yangu mwenyewe."

Mjomba Mikaeli, kaka yake Anastasia, alikuja siku ya pili. Kwa Waluguru mjomba ndiye sauti ya ukoo, akitamka, limetamkwa. Eufrazia alimwamkia shikamoo akiwa amepiga magoti.

"Marahaba. Wewe na simu yako. Mambo ya msibani yanaachwa msibani, tangu lini yakawekwa kwenye mtambo? Kidole chako kimoja, Eufrazia. Kidole chako kimoja kimemtoa mama yako nyumbani kwake."

"Mikaeli, mwache mtoto," Anastasia alisema.

"Nimwache nini? Nani alirekodi? Mimi?"

Eufrazia aliinama, akahisi neno limepanda mpaka kwenye meno. Akalimeza. Likashuka likimchuna.

Aliyewafungua macho ni wakili Catherine, mama mnene mcheshi anayetoa msaada wa kisheria kwa wanawake pale mjini. Alisikiliza yote, akaomba aone simu, akaipekua. Kisha akawaeleza. Sebule ilikuwa imevifungua vyumba vyote vyenye watu zaidi ya ishirini, ili watu wa nje wapate vya kutazama na matangazo yapate pa kusimama. Walitoa taarifa, ndiyo: maandishi ya Kiingereza marefu kama litania, na chini yake kitufe kimoja, Nakubali. Usipokibonyeza, Sebule haifunguki. Wa Mzee Alois wote walikibonyeza, kwa sababu walitaka kumsikia Jesca.

"Watakuja na maneno matamu," Catherine alisema. "Watasema wao ni ukuta tu, na mtu akiandika tusi ukutani humshtaki ukuta. Lakini ukuta haukati video, mama. Ukuta hauandiki kichwa cha habari. Ukuta haupokei hela ya sabuni. Sheria ipo: taarifa ya mtu ukiipokea kwa kazi moja, huitumii kwa kazi nyingine bila ridhaa yake."

"Na kile kitufe?" akauliza mjomba Mikaeli.

"Hapo ndipo penyewe tutakapopigania. Kukubali kitu usichoelezwa kwa lugha yako, huku umefungiwa mlango usipokubali, mimi siiti ridhaa. Tuone mahakama itaiitaje." Akamgeukia Anastasia. "Mama, wewe unataka nini hasa?"

"Nataka kulala kwangu," Anastasia alisema. "Waseme wenyewe, kwa sauti ile ile waliyonitangaza nayo, kwamba ule ulikuwa utani, na kwamba wao ndio waliofungua. Nikirudi Kinole, nirudi na jina langu. Bila hilo nitarudi kwenye mawe."

Kesi ikafunguliwa, na kabla haijasikilizwa wakaitwa kwenye usuluhishi, kama ilivyo kawaida. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na feni inayolalamika. Msuluhishi alikuwa hakimu wa makamo, mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini. Upande ule alikaa Innocent, wakili wa Sebule, kijana nadhifu kutoka Dar. Upande huu Anastasia, Catherine, mjomba Mikaeli, Eufrazia, na Stambuli aliyeitwa kama shahidi, akiwa na magongo yake na koti la Mzee Alois mwilini, nani angemvua? Mtani akishalichukua ni lake.

"Shikamoo mama," Innocent alimwambia Anastasia, kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Poleni sana kwa msiba."

Eufrazia akamtazama. Alitegemea kumwona shetani, akamwona mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, na hasira yake ikakosa pa kukaa, ikazidi.

"Anastasia!" Stambuli akaita, kabla hata hawajatulia. "Mguu wangu huu uliuacha wa kiporo? Umalizie bwana, nimechoka kuruka kama chura!"

Mjomba Mikaeli akacheka kidogo. Hakimu akainua nyusi. Wote wakamgeukia Anastasia, kwa maana zamu ilikuwa yake. Anastasia akatazama mikono yake. Hakujibu. Stambuli aliyekuwa anatabasamu akafunga mdomo, akashusha macho, na Eufrazia akaona kwamba hiki ndicho walichomwibia mama yake kuliko migomba. Sasa aliogopa kutania.

Innocent akasema kampuni imeguswa sana. Iko tayari kuiondoa video, na iko tayari kumsaidia mama kupanda migomba mingine na kukarabati nyumba. Leo hii, akisaini. Kampuni haikiri kosa lolote, na mama naye hatazungumza tena habari hii hadharani.

"Na kusema kwamba ulikuwa utani?" Catherine akauliza.

"Hilo kampuni haiwezi kulisema. Kampuni haikuwepo msibani."

"Lakini iliweza kusema amekiri."

"Ule ni mtambo, wakili mwenzangu. Unapanga vichwa vya habari wenyewe."

"Mbwa wako akiniuma, huniambii ni mbwa mwenyewe."

Hakimu akakohoa, akaomba karatasi isomwe. Innocent akaisoma polepole, kwa Kiswahili, na Anastasia alishika kalamu akisikiliza. Alikuwa amechoka. Usoni mwake mlionekana mlango wa nyumba yake, jiko lake, kaburi la mumewe nyuma ya nyumba lisilofyekewa. Karibu na mwisho Innocent akasoma: "Pande zote zinakubaliana kuwa chanzo cha kusambaa kwa video hiyo ni mwanafamilia aliyeirekodi na kuiweka mtandaoni kwa hiari yake."

Kalamu ikasimama.

"Mwanafamilia gani?" Anastasia akauliza.

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Hayamtaji mtu." Innocent akamgeukia Eufrazia, kwa upole. "Dada, si wewe uliyerekodi?"

"Ndiyo," Eufrazia akasema, sauti kama ya inzi.

"Na si wewe uliyeiweka Sebule?"

"Ni mimi."

"Basi," mjomba Mikaeli akasema. "Si ndivyo nilivyosema siku zote? Saini, dada, urudi kwako. Kweli ni kweli."

Feni ikazunguka. Anastasia akamtazama mtoto aliyemlea, aliyeinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa khanga. Akamtazama kaka yake. Kisha akaiweka kalamu chini, akaisukuma karatasi katikati ya meza kwa vidole viwili, kama mtu anayesogeza kitu kilichooza.

"Yaani nirudi Kinole nimekanyaga mgongo wa huyu? Migomba nitapanda kwa mkono wangu. Baba, chukua karatasi yako."

"Mama, ukienda kwenye kesi itachukua muda mrefu," Innocent alisema. "Mna uhakika wa kushinda?"

"Hatuna," Catherine akajibu kwa niaba yake. "Na ninyi hamna."

"Utakufa kabla ya hukumu, Anastasia!" Stambuli akadakia, kwa sauti ndogo, ya kujaribu, kama mtu anayeweka mguu kwenye daraja bovu. "Na mimi ndiye nitakayekuzika, nikivaa khanga zako!"

Anastasia akavuta pumzi.

"Utanizikaje na mguu mmoja? Huo mwingine nimeshauunga kwa nazi, na ulikuwa hauna hata mafuta!"

Stambuli akalia. Alicheka kwanza, ndiyo, lakini machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa koti la marehemu. Hakimu naye aligeuka pembeni akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Innocent peke yake alikuwa anatazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuwepo msibani.

"Usuluhishi umeshindikana," hakimu akasema. "Shauri litasikilizwa. Kabla sijafunga, kuna mwenye neno?"

Watu walishaanza kukusanya vitu vyao. Mjomba Mikaeli alikuwa anatafuta kofia yake. Eufrazia akasikia neno linapanda, lile lile lililokuwa likipanda tangu asubuhi ya kufuli, lililopanda mbele ya Baraka, mbele ya Mwajuma, mbele ya mjomba. Likafika kooni. Likachungulia. Safari hii akasimama, ili lisipate njia ya kurudi.

"Mimi nina neno," alisema, na mjomba Mikaeli akaiacha kofia. "Ni mimi niliyerekodi. Nilirekodi ili dada yangu aliyeko mbali amwone mama yake anacheka. Nikaingia nayo ndani, nikafunga mlango, kufuli nikaliona kwa macho yangu limefunga. Ufunguo mlikuwa nao nyie, kwa sababu mlisema tuwaamini. Mkafungua tumelala. Mkakichukua kilio chetu, mkakata kicheko kikabaki kisu, mkauzia sabuni. Halafu mkaja hapa na shikamoo, mkaniuliza nani aliweka. Nimeibeba aibu hii mpaka mgongo umeniuma, nikidhani ni yangu. Siyo yangu. Ni yenu, na nimewaletea. Mjomba, na wewe sikia: kidole changu kilifunga. Aliyefungua ni yule pale."

Na akamnyooshea Innocent kidole, kile kile.